Jinsi ya Kuandaa Ujauzito, Kujifungua na Arobaini katika Familia ya Tanga

Katika familia nyingi za Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Mabokweni na vijiji vya Pangani, mimba huwa na wenyewe wengi. Mama mzazi wa mjamzito ana neno lake, mama mkwe analo, mume analo, shangazi hakosi, na somo aliyemfunda binti kabla ya harusi huulizwa mambo ambayo hata daktari haulizwi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanandoa na wazee wao ambao hawataki kuacha mila, na hawataki kumpoteza mzazi wala mtoto. Rai yake ni kwamba mila ya pwani inampa mzazi watu na muda, vitu ambavyo wodi haina. Hospitali nayo inampa damu, upasuaji na dawa, ambavyo nyumbani havipo. Kwa hiyo kila jambo ambalo pande hizi mbili zinaweza kugongana lipatanwe mapema, na atajwe mtu atakayelisimamia, kabla uchungu haujaanza.

Siri ya mimba changa

Desturi ya kutotangaza mimba mpaka ionekane yenyewe, kwa kuogopa kijicho na husuda, haina ubaya wowote ikiwa siri hiyo inafichwa kwa majirani. Ubaya huanza inapofichwa kliniki. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na mtoa huduma walau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia, kwa sababu wakati huo ndipo hupimwa wingi wa damu, shinikizo la damu, kaswende na VVU, na kasoro zikigundulika kuna muda wa kuzitibu. Anayeona haya kukutana na wa mtaani kwake kwenye benchi la zahanati anaweza kuanzia kituo cha kata nyingine. Kadi ya kliniki atakayopewa ataendelea kuitumia hata akihama.

Mume akiweza kufuatana na mkewe katika hudhurio la kwanza, na afuatane naye, maana vipimo vingine vinawahusu wote wawili. Hata hivyo, wapo waume walioko baharini, walioko safarini, na wapo wajawazito wasio na waume. Baadhi ya vituo vimezoea kuwatanguliza waliokuja na wenza wao, na vingine huuliza barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa aliyekuja peke yake. Ni vyema kuulizia utaratibu wa kituo siku moja kabla, na kama barua inatakiwa, iandaliwe. Lakini mjamzito asikubali kurudi nyumbani bila kupimwa, kwa kuwa huduma ile ni haki yake mwenyewe, awe ameolewa au hajaolewa.

Kuhusu chakula, pitieni miiko ya nyumbani mmoja mmoja. Mwiko unaomnyima mjamzito mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele, unamnyima protini iliyo rahisi kupatikana, na unafaa kuachwa kimyakimya bila kumfedhehesha bibi aliyeusema. Hamu ya kula udongo isichekwe wala isihimizwe: mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unaweza kubeba mayai ya minyoo, hivyo mjamzito aitaje hamu hiyo kliniki ili damu yake ipimwe. Vidonge vya kuongeza damu vinywewe mbali na chai, kwa sababu chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na katika mji ambao chai hunywewa asubuhi, alasiri na usiku, ushauri huu una uzito wake. Malaria ipo pwani mwaka mzima. Chandarua chenye dawa kitumike kila usiku, na dawa ya SP, ya kumkinga mjamzito na malaria, imezwe kliniki kila inapotolewa, kuanzia miezi mitatu ya mimba inapopita.

Mwezi wa Ramadhani una suala lake. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mjamzito na mnyonyeshaji wanaoogopa kudhurika wana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Na aliyefungua kwa kumhofia mtoto peke yake huongeza fidia, yaani kulisha maskini. Ruhusa hiyo isemwe na mtu ambaye familia inamheshimu, kama vile imamu wa msikiti wa mtaani, kwa kuwa wajawazito wengi hufunga kwa kuona haya kwa mama mkwe, ilhali mama mkwe mwenyewe angeshauriwa angekuwa wa kwanza kumwambia ale.

Kikao cha mwezi wa saba

Katika nyumba nyingi mimba ya kwanza humrudisha binti kwao, na kurudi huko huzungumzwa inapofika miezi saba hivi. Huo ndio wakati mzuri wa kukaa kikao, kwa kuwa pande zote mbili tayari zinaongea. Kikao kisifanywe kirefu wala kisigeuzwe shauri la mahakamani. Watoshe mume, mama mzazi, mama mkwe na mjamzito mwenyewe, ambaye asiwekwe chumbani wakati mambo yake yanaamuliwa ukumbini.

Jambo la kwanza ni mahali pa kujifungulia. Anayebeba mimba ya kwanza, aliyewahi kufanyiwa upasuaji, mwenye mapacha, mwenye shinikizo la damu au aliyepoteza damu nyingi uzazi uliopita anahitaji mahali penye uwezo wa kupasua na kuongeza damu, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo au Hospitali Teule ya Muheza. Kama kwao na binti ni kijijini mbali na huduma hiyo, kurudi kwao kusogezwe mbele, ili ajifungulie mjini kisha apelekwe kwa mama yake kulea arobaini. Mpango huu huipa mila heshima yake yote, na wazee wengi huukubali ukielezwa hivyo.

Jambo la pili ni nani anayetoa ruhusa. Watafiti Thaddeus na Maine, katika makala yao ya mwaka 1994, waligawa ucheleweshaji unaoua wazazi katika aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Ile ya kwanza hutokea sebuleni. Mume yuko Kigombe anavua, simu haipatikani, mama mkwe hataki kuamua peke yake asije akalaumiwa, na saa zinakwenda. Dawa yake ni ruhusa kutolewa mapema mbele ya watu: mume atamke kwenye kikao kwamba uchungu ukianza au dalili ya hatari ikionekana, yeyote aliyepo nyumbani ampeleke mzazi hospitali bila kumsubiri yeye. Maneno hayo machache yana thamani kuliko fedha atakayoacha.

Fedha nazo zinatakiwa. Sera ya taifa ni kwamba huduma kwa wajawazito katika vituo vya umma hazilipiwi, lakini familia yoyote iliyowahi kufika wodini inajua kwamba haikosi kuna kitu cha kununua. Wekeni akiba ya nauli na dharura, na kama mjamzito yumo katika mchezo wa kijumbe, aombe zamu yake ipangwe mwezi wa tisa wa mimba. Pataneni pia na dereva wa bajaji au gari anayelala jirani, mchukue namba zake mbili. Aliye ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Bweni na Mwera, aupangie mto wenyewe, na ni salama zaidi kwake kusogea upande wa pili wiki mbili kabla ya siku zake. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga upo mfumo wa usafiri wa m-mama, unaopigiwa namba 115 bila malipo. Namba hiyo iandikwe ukutani ili hata mtoto wa darasa la nne aweze kuipiga. Wachaguliwe vilevile watu wawili wenye afya watakaokuwa tayari kutoa damu.

Kuhusu vifaa, hapa mila ina mgogoro mdogo: nyumba nyingi hazipendi kununua nguo za mtoto kabla hajazaliwa. Msibishane. Kanga hazina mwiko huo, kwa hiyo andaeni doti tatu au nne zilizofuliwa na kulainika, ambazo zitatandikwa, zitamfunika mama na kumfutia mtoto. Ongezeni mpira wa kutandika, glovu, pamba, wembe mpya, vibanio vya kitovu, sabuni, chupa ya chai na kadi ya kliniki, vyote ndani ya mfuko mmoja unaokaa nyuma ya mlango. Nguo za mtoto shangazi atanunua siku ileile mtoto akizaliwa, na atafurahi kupewa kazi hiyo.

Mwisho, mchagueni mwanamke atakayefuatana na mzazi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayejifungua awe na mtu wa karibu amtakaye, na wodi zinatofautiana kwa nafasi na kwa utaratibu, hivyo mwulizeni mkunga wakati wa kliniki kama msindikizaji anaruhusiwa hadi chumba cha kujifungulia. Mkunga wa jadi wa mtaani, ambaye pengine amewazalisha nusu ya majirani, anafaa sana kwa kazi hii: anajua kukanda mgongo, anajua maneno ya kumtuliza mwenye uchungu, na akipewa nafasi hiyo ya heshima hatakuwa na sababu ya kumzuia mzazi nyumbani.

Uchungu ukianza

Mambo matatu yakatazwe waziwazi kwenye kikao, kwa kuwa siku yenyewe hakuna atakayesikiliza hoja. La kwanza ni dawa za miti shamba za kuongeza uchungu. Hakuna anayejua kipimo chake, na nguvu ikizidi mfuko wa uzazi unaweza kuchanika. Kama ameshazinywa, mkunga wa hospitali aambiwe bila kufichwa, asije akaongeza dawa juu ya dawa. La pili ni kumtaka mzazi ataje wanaume, kwa imani kwamba uchungu unaochelewa ni wa mwanamke aliyetoka nje ya ndoa. Uchungu huchelewa kwa ukubwa wa mtoto, kwa mlalo wake, kwa nyonga au kwa kuchoka kwa mfuko wa uzazi, na muda unaotumika kumhoji mwanamke ni muda wa kumfikisha kwenye upasuaji. La tatu ni kudhani kwamba mjamzito aliyeanguka na kutetemeka amepandwa na jini. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha mimba, kinachotokana na shinikizo la damu, ambacho huweza kumpata mwanamke kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua au hata siku kadhaa baadaye, na kina dawa ya sindano hospitalini. Mwenye kutaka kumsomea Kurani na amsomee ndani ya gari, likiwa linakwenda. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kutokwa na damu na homa kali vyote vinastahili safari hiyohiyo.

Arobaini

Mtu anayedharau arobaini hajaelewa uzazi. Kwa siku arobaini mwanamke wa pwani hapiki, hafui, hachoti maji; ananyonyesha na kulala, huku wenzake wakimzunguka. Wataalamu wa afya nao huhesabu siku 42 baada ya kujifungua kuwa kipindi cha hatari, na tofauti ya siku mbili baina ya hesabu hizo inaonyesha kwamba bibi zetu walikuwa wakiangalia. Kwa hiyo iandaeni arobaini kwa uzito: andikeni zamu za wapishi na wafuaji, wiki kwa wiki, na aliye mbali na ndugu zake, kama mwalimu aliyehamishiwa Tanga au mke wa kibarua wa shamba la mkonge, aombe zamu hizo kwa majirani na wenzake wa kikundi mapema. Wageni wapangiwe saa, na hapa ule msemo wa Tanga wa waja leo waondoka leo utumike jinsi ulivyo: waje, wamwone mtoto, wakiondoka waondoke na sahani walizolia zikiwa zimeoshwa.

Kuna sehemu moja tu ambayo arobaini inagongana na kliniki moja kwa moja, nayo ni kutotoka nje. Baada ya kukaa kituoni walau saa 24, mzazi na mtoto wanatakiwa kuonwa tena siku ya tatu, kisha ndani ya wiki ya pili, kisha wiki ya sita. Mahudhurio mawili yanaangukia katikati ya arobaini. Wazee waelezwe kwamba dini haimzuii mwenye nifasi, yaani damu ya uzazi, kutoka kwenda kutibiwa, na kwamba nifasi yenyewe kwa Shafi kwa kawaida ni siku 40, na mwisho wake ni siku 60, wala haihusiani na kufungiwa ndani. Afunikwe kanga mbili, mtoto afunikwe, watoke asubuhi kabla ya jua kali, na asindikizwe na mtu mzima. Mwenye kuogopa kijicho njiani akodi bajaji.

Kukandwa kwa maji ya moto kunapendwa na wazazi wengi, na kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida hakuna sababu ya kukuzuia, mradi maji yawe ya kiwango ambacho mkandaji mwenyewe anaweza kuyatia kiwiko bila kukitoa haraka. Aliyepasuliwa asikandwe tumbo kabisa mpaka daktari aseme kidonda kimepona, na wala asifungwe mkaja wa kukaza. Kidonda kinaweza kufunguka au kuoza chini ya kitambaa. Kwa wengine mkaja ufungwe kiasi cha kupenyeza mkono. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu, na moshi wa udi na ubani ufukizwe chumbani wakati mtoto yuko chumba kingine. Uji wa pilipili manga, supu ya kuku, samaki wa mchuzi, kisamvu na matembele ni chakula kizuri cha mzazi. Kinachokosekana mara nyingi ni maji, kwa sababu ameambiwa ya baridi yatamdhuru. Apewe ya vuguvugu, lakini apewe mengi.

Mzazi asiachwe peke yake, kama mila inavyotaka, na wale wanaokaa naye waangalie moyo wake pia. Kulialia siku za mwanzo ni kawaida. Kulia kunakopita wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kutomtaka mtoto au kusema maneno ya kujidhuru ni ugonjwa unaotibika, na anayesema hayo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama nyumbani limeshaletwa kombe la kunywa, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani.

Mtoto

Adhana katika sikio la kulia na ikama katika la kushoto, kunyoa nywele na kuzitolea sadaka, akika siku ya saba: haya yote ni mazuri, na kitu cha pekee cha kuzingatia ni wembe mpya. Kinachoingia mdomoni ndicho chenye masharti. Maziwa ya kwanza, ile dang'a ya njano ambayo baadhi ya bibi huiona chafu na kuikamua chini, ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, naye aanze kunyonya ndani ya saa moja. Kwa miezi sita hahitaji maji, hata katika joto la Januari la Tanga, wala dawa ya chango, wala uji mwepesi. Asali asipewe mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza watoto wachanga. Familia inayoshikilia sunna ya tende imwambie mkunga. Mtoto atangulizwe kunyonya, mikono ioshwe kwa sabuni, na kinachopakwa kwenye kaakaa kiwe ni ute kidogo tu wa tende laini.

Kitovu kiachwe kikavu, bila majivu, mafuta wala kinyesi cha mnyama. Wanja usitiwe machoni, kwa kuwa baadhi yake una madini ya risasi. Hirizi ikiwa lazima ivaliwe, isivaliwe shingoni mtoto akilala. Kimeo kisikatwe na mtu yeyote nyumbani. Mtoto anayekataa kunyonya, anayepumua mbio, mwenye joto kali au aliyepoa kuliko kawaida, mwenye viganja vya njano, au mwenye degedege hana muda wa kupelekwa kwa fundi wa dawa za jadi kwanza.

Ndoa na uzazi unaofuata

Hofu ya kubemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa wazazi kukutana wakati ananyonya, imewaachisha watoto wengi ziwa mapema na imewatoa waume wengi nje ya nyumba. Kukutana kwa wazazi hakuchafui maziwa. Mtoto anayekonda ana maradhi au njaa, na apimwe. Lililo kweli ndani ya hofu hiyo ni mimba ya karibu, ambayo humnyang'anya mtoto mama yake, na inaweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi. Kurani yenyewe inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani linashauri walau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine, kwa hiyo wanandoa wasione haya kuulizia njia ya uzazi wa mpango wanapokwenda kliniki ya wiki ya sita.

Safari hiyo ya wiki ya sita ndiyo safari ya kwanza inayofaa kwa mtoto aliyetolewa arobaini, kabla ya kupelekwa kwa ndugu, kwa sababu siku hiyo huanza chanjo zinazorudiwa wiki ya 10 na ya 14. Pelekeni pia tangazo la uzazi lililotolewa kituoni mkasajili, kwa kuwa muda wa kawaida wa kusajili ni siku 90. Jina lipatanwe kabla ya hapo. Ugomvi wa majina ya babu wa upande huu na wa upande ule umewachelewesha wengi.

Mzazi aliyeajiriwa, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ana likizo yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anatakiwa kumjulisha mwajiri walau miezi mitatu kabla. Baba ana siku 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Azitumie kufuatilia hudhurio la siku ya tatu, na akika aachie wajomba waiandae. Mama akirudi kazini ana hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na aziombe kwa maandishi kabla likizo haijaisha, ili yule atakayebaki na mtoto ajue mapema saa za kumleta.